Pamba Puani, Uzi Kidoleni

Jumapili, 1 Agosti 1937

Miguu imekataa kabisa. Leo nimekwenda msalani na kurudi, nikahema kama niliyetoka mjini Chake kwa miguu. Daktari alinigusa bega tu. Nimefundisha watoto kusoma maisha yangu yote, na mguso ule nimeusoma vizuri. Mauti siyachelei. Ninayemchelea ni Mmanga.

Basi niungame kabla sijaondoka. Ubavuni mwa kaburi la marehemu mke wangu Mwanapili, nyuma ya msikiti, pamebaki nafasi ya mtu mmoja. Mimi, mumewe, naitaka. Mmanga, kaka yake na mlamu wangu, naye anaitaka. Kwao Kisiwa Panza makaburi tele, tena upepo safi. Hataki! Anasema alimjua Mwanapili kabla yangu. Alimjua hana jino hata moja!

Binti yangu Mwatum ananiambia kuwa mjomba wake kila alasiri yuko barazani kwa Shehe Ame, mwenye kauli juu ya makaburi, na haendi mikono mitupu. Jana kaimati! Wanazungumza nini? Nami nifike vipi kwa miguu hii?

Jibu limekuja limefungia bizari. Natwarlal mwenye duka hufungia bidhaa kwa kurasa za vitabu vikuukuu. Kurasa za leo ni za Kiingereza, na zinaeleza namna ya kuitoa roho mwilini ukiwa hai, ikatembea, ikarudi. Nimezisoma mpaka nikapiga chafya.

Miguu haihitajiki! Nitaipeleka roho barazani ikasikilize.

Jumanne, 3 Agosti

Hatari zipo. Roho huweza kupotea njia. Mwili mtupu huweza kuingiwa na mpangaji. Na roho iliyo nje ikishtuka, isirudi mbio, uzi wake utakatika. Kisha imeandikwa: "Ama namna ya kujikinga..." Basi! Karatasi imeishia hapo.

Nikamtuma Mwatum dukani. Natwarlal akaleta salamu kuwa kinga imekwisha uzwa: imefungia mdalasini wa mtu wa kisiwani Fundo. Akaongeza kuwa kwao aliyelala hapakwi rangi usoni, roho ikirudi isije ikashindwa kumjua. Nikamwonya Mwatum asinipake liwa. Akaniuliza lini aliwahi kunipaka liwa.

Baada ya adhuhuri nikajaribu bila kinga. Roho ilifika mlangoni, nadhani. Nikaamshwa na nzi mdomoni. Nzi! Ikiwa nzi kaingia bila hodi, shetani atangoja nini?

Kinga nitazitunga mwenyewe. Kitambaa cha kufunga kidevu. Pamba puani, lakini kidogo, nipate kupumua. Masikioni sitii, roho lazima isikie. Vidole gumba vya miguu nivifunge pamoja kwa uzi, mpangaji akiingia asiondoke na miguu yangu, ingawa sijui angefika nayo wapi. Kafuri, maana mashetani hawaipendi. Kulala kuelekea kibla. Shuka nyeupe mpaka juu ya uso, kwa ajili ya nzi.

Nimeupitia mpango wote. Sijaona penye tundu. Mwatum sikumwambia, atapiga kelele.

Alhamisi, 5 Agosti, jioni

Nimefaulu! Na maji nimemwagiwa.

Niandike kwa utaratibu. Mwatum alikwenda kuanika karafuu. Nikajifunga, nikajinyoosha, nikasoma Ayatul Kursi, nikaanza kuelea. Mara nikasikia sauti ya Mmanga. Nimefika barazani! Sauti ikapaa: "Inna lillahi!" Nikashtuka, lakini nikakumbuka nisirudi mbio. Nikatulia kabisa.

Sauti zikaongezeka. Mwatum akalia. Wanawake wakalia. Maskini, nikafikiri, kuna msiba kwa Shehe Ame, kafa nani? Shehe mwenyewe nikamsikia akisema kuwa marehemu alikuwa mja mwema. Aliijua saa yake. Kajifunga kidevu kwa mikono yake ili asimtaabishe mtu! Nikamwonea wivu marehemu huyo.

Kisha Shehe akauliza azikwe wapi. Mmanga akapenga kamasi.

"Mpelekeni kwa Mwanapili," akasema. "Nafasi ile ni yake tangu zamani. Mimi nilikuwa namchokoza tu, Shehe. Alipofiwa alikuwa hataki hata kuinuka kitandani. Nikadai kaburi, akainuka kuja kunitukana. Tangu siku ile akawa anaamka."

Hapo ndipo nikajua marehemu ni nani.

Nikataka kusema: kidevu kimefungwa. Nikataka kuinuka: vidole vimefungwa. Kinga zangu zilikuwa madhubuti mno! Wakanilaza kwenye kitanda cha kuoshea. Kata ya kwanza ya maji baridi ikanipata tumboni, nikatoa mlio ambao sijapata kuufundisha darasani. Mwosha akatoka mbio kwa dirisha. Shehe Ame alibaki, kwa sababu tu miguu yake nayo ilikataa. Mmanga peke yake ndiye aliyenisogelea. Aliniletea papai mchana ule, kumbe, akanikuta vile. Akanifungua kidevu, machozi yakimchuruzika.

"We yakhe," akasema, "hata kufa hujui!"

Ijumaa, 6 Agosti

Nimemkumbusha Mmanga ahadi yake, mbele ya Shehe. Anasema maneno yale alimsemea maiti, mtu hai hayamhusu. Dhalimu! Nafasi anaitaka upya. Shehe Ame hataki kuamua. Anatutazama sote wawili kwa mashaka, na amekaa karibu na mlango.

Kaburi lilikuwa limekwisha chimbwa, na huku kwetu kaburi haliachwi wazi likingoja mtu. Vijana wamezika mgomba. Mke wangu amelazwa na mgomba! Mmanga anasema tusihuzunike, mgomba unatushikia nafasi, nao huoza upesi. Nikamwambia hata sisi. Tukacheka mpaka Mwatum akaja kutukemea. Anasema jana kalia bure mbele za watu, na akikiona tena kile kitambaa atatufunga yeye mwenyewe, mimi na mjomba wake, kwa kamba ya usumba.

Papai tumelila. Tamu sana.

Jumatatu, 9 Agosti

Mmanga kaja asubuhi, ana haya kidogo. Amezunguka maneno, mara karafuu, mara mvua, mwisho akasema: naye anataka kujaribu. Anataka kusikia mimi nitasema nini juu yake.

Nikamweleza kuwa hatari ni nyingi na kinga ni lazima. Kosa la Alhamisi nimekwisha ligundua: uzi wa miguuni ulikuwa mwembamba. Leo nimeukunja mara tatu. Kafuri pia nimeongeza. Mwatum yuko kwenye karafuu, hatukumwambia, atapiga kelele.

Ninapoandika haya, mlamu wangu amelala kitandani kwangu kuelekea kibla, kidevu kimefungwa, shuka juu ya uso. Ametulia. Ametulia mno. Nikajikokota, nikafunua shuka, nikamwekea kioo puani. Kikaingia ukungu. Alhamdulillahi! Kesho ningemtukana nani?

Nasikia bakora ya Shehe Ame uani, kaja kunijulia hali. Anapiga hodi.

Naweka kalamu, nilie kidogo. Akiniuliza tumzike wapi, nitasema marehemu aliusia arudishwe kwao, Kisiwa Panza.