Uvimbe wa Sungura wa Kaingu

Jumanne, 8 Julai
Nimepata silaha. Bi Mastura mwenye mkahawa Kilifi mjini anataka mtu mmoja wa kumletea sungura kila wiki. Hapa Tezo wafugaji wa sungura tumebaki wawili, mimi na jirani yangu Kaingu. Jioni nimemkuta akichinja. Kwenye matumbo, pale utumbo mwembamba unapoungana na mpana, nikaona kifuko cha mviringo, cheupe, kinene. Uvimbe. Nimemsifia kisu chake, nikaenda zangu.

Alhamisi, 10 Julai
Nimemwamkia Bi Mastura shikamoo mbili. Nikamwambia kwa huzuni kwamba sungura wa Kaingu wana uvimbe, ingawa mimi si mtu wa kusema watu. Akashukuru. Ataleta daktari wa mifugo awapime wa Kaingu, na wangu pia. Hiyo "pia" sikuipenda. Mke wangu Kadii ameuliza kama nimewahi kutazama matumbo ya sungura wetu. Matumbo huwa namtupia paka.

Jumamosi, 12 Julai
Daktari Everlyne kapasua wa Kaingu. Kifuko kipo. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Kapasua wangu. Kipo, tena kikubwa. Nikasema Kaingu kaniambukizia.

Daktari akacheka. "Mzee Nyale, kila sungura anacho. Hizi ni tishu za limfu. Humu wamo askari wa mwili, wanapigana na vijidudu vinavyoingia na chakula."

Akatuonyesha na kidole tumbo, kirefu ajabu, nacho kimejaa askari hao hao. Ugonjwa hakuna, kwa Kaingu wala kwangu.

Bi Mastura akanitazama. "Na husemi watu."

Kazi kampa Kaingu. Ndipo Kaingu akamwambia kwamba sungura wake peke yao hawatatosha, achukue na wangu. Niliona aibu. Haikukaa sana.

Jumapili, 13 Julai
Siku njema. Kadii kapika sungura wa nazi, Kaingu kala kwetu, tumecheka mpaka alasiri. Mtu mzuri yule. Katika maongezi akasema sungura wake kila alfajiri hula kinyesi chao wenyewe, kile laini, moja kwa moja kutoka kinapotokea. Kasema hivyo huku anatafuna, bila haya.

Bi Mastura lazima ajue. Kesho nitamwahi kabla hajafungua mkahawa. Wangu hawawezi kufanya mambo hayo. Sijawaona, alfajiri huwa nimelala, lakini nawajua.