Ng'ombe wa Gunia

Levis Kang'ethe alimwona ng'ombe wa maisha yake kwenye gunia la chakula cha mifugo, mlangoni pa duka la agrovet la Lanet. Friesian mnene, amesimama peke yake kwenye weupe mtupu, hana zizi wala mwenyewe. Mtu mwingine angenunua chakula. Levis alitoa simu akampiga picha, maana kwa hesabu zake ng'ombe asiye na mwenyewe ni wa yule anayemwona kwanza.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kidole. Simu yake ilikuwa na programu ya kuondoa weupe nyuma ya picha: unagusa mara moja, ng'ombe anabaki anaelea, tayari kupelekwa malisho yoyote. Levis akagusa. Bahati mbaya Friesian ni mweusi kwa mweupe, na programu haijui weupe wa gunia ni upi na wa ng'ombe ni upi. Ikafagia wote. Alipombandika kwenye picha ya nyasi za Elmenteita, majani yakamtokeza mbavuni. Levis akaziba mashimo kwa rangi, akakata nafasi tupu pembeni mpaka ng'ombe akaijaza picha, kisha akamtangaza mtandaoni: anabadilishwa kwa pikipiki. Pikipiki aliitamani mpaka alikuwa akipiga honi usingizini.

Kesho yake mama mmoja aitwaye Cheruto akampigia.

"Nimeona ng'ombe yako, kijana. Inakula vizuri. Naona nyasi mpaka kwa kiwele!"

Levis hakurudi kuikagua picha. Tapeli akisifiwa huwa hakagui kitu.

"Hiyo ni lishe, mathe. Kwangu hakuna njaa."

"Niko na pikipiki ya kijana yangu, alienda majuu akaiacha inaoza kwa store. Lakini kwetu ng'ombe haitoki bila mbuzi kutangulia. Leta mbuzi tushikane mikono, pikipiki ifuate."

Mbuzi Levis hakuwa naye. Mama yake, Waithera, alikuwa naye mmoja, Malkia, mweupe pepepe, mwenye ndevu na maringo. Maziwa yake ndiyo yaliyokuwa chai ya nyumba ile, na Waithera alimpenda kiasi cha kumtia Levis wivu. Basi mama alipokwenda kwenye ushirika wa akina mama, mwana akafungua kamba. Moyo ulimsuta kidogo. Akautuliza kwa kuuahidi mbuzi watatu.

Walikutana Kariandusi, kando ya machimbo, ambako udongo ni mweupe kama unga. Cheruto alishuka kwenye pikapu, leso kichwani, macho chini, mnyonge wa kuhurumiwa. Levis nusura amhurumie.

"Shika kamba vizuri nipige picha, mzee wangu aone."

Levis akashika, akatabasamu, gumboot zake nyekundu zikisimama imara kando ya Malkia.

"Na pikipiki, mathe?"

"Iko nyuma, inawekwa mafuta hapo Gilgil. Usitoke hapa!"

Akampakia mbuzi, akaondoka. Levis hakutoka pale. Alisubiri mpaka nyusi zikawa nyeupe kwa vumbi, na kila alipopiga simu akaambiwa mteja hapatikani. Akarudi Lanet kichwa chini, akitunga hadithi ya mwizi.

Waithera alikuwa langoni na simu mkononi.

"Kuja uone kitu kwa group."

Kwenye skrini, Malkia alisimama katika bustani ya kijani, maji ya chemchemi yakiruka nyuma yake. Mbuzi wa maziwa, mpole, anauzwa. Levis alisahau shida yake kwa muda, akaona wivu wa fundi kwa fundi: mbuzi mweupe ametolewa kwenye udongo mweupe, na hata unywele mmoja wa ndevu haukupotea! Yeye mwenyewe alikuwa amekatwa kwenye picha, tabasamu na yote.

"Mum, hiyo si yetu. Mbuzi hufanana."

Waithera alitanua picha kwa vidole viwili, akaishusha mpaka kona ya chini. Pale, kando ya kwato, kisu cha programu ya Cheruto kilikuwa kimebakisha ncha ya gumboot nyekundu, yenye kiraka cha tyubu ya baiskeli alichokibandika Waithera kwa mkono wake.

Akaitazama picha. Akaitazama miguu ya mwanawe.

"Vua hiyo gumboot, Levis."

"Ya nini, mum?"

"Wewe vua. Nataka kitu cha kukuchapa nayo."