Waya Uliokataa Kurudi Mfukoni

Gari lilipita bila kunguruma, na Injinia akatabasamu. Gari lisilonguruma ni la umeme. La umeme linataka waya, na mwenye gari jipya hajui anunue upi. Katikati ya kutaka na kutojua ndipo Injinia alipopatia ugali wa kila siku.

Uinjinia wenyewe alikuwa ameuvaa tu: fulana ya kung'aa ya mtumba na kalamu mbili kifuani. Begani alibeba mifuko miwili myeusi, pacha. Mmoja ulikuwa na waya halisi wa kuchajia gari, mnene kama kidole gumba. Huo haukuwa wake. Ulikuwa wa shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa teksi ya umeme, aliyemwazima kila asubuhi akiamini unakwenda kuonyeshwa wateja wa duka fulani. Injinia na mkewe waliishi bure katika chumba cha nyuma cha huyo shemeji. Waya ukipotea, na chumba kimepotea. Hilo lilishasemwa, tena mbele ya mke.

Mfuko wa pili ulikuwa na biashara yenyewe: plagi nzuri za kumeta nje, na ndani waya mwembamba wa kengele ya mlango, umeshikizwa kwa gundi na imani.

Gari liliingia geti la tatu. Akashuka mkunga mstaafu, miwani ikining'inia kwa kamba shingoni.

"Hodi, mama! Hongera kwa gari. Waya umeshapata?"

"Bado, baba. Wamenifungia hicho kisanduku cha ukutani, waya wakasema nijitafutie. Dukani nimekuta aina mpaka kichwa kikaniuma."

"Hapo ndipo watu wanapounguza magari." Injinia alitikisa kichwa kwa huzuni ya kikazi. "Kuna wa fezi moja, kuna wa fezi tatu. Kuna wa ampea kumi na sita, kuna wa thelathini na mbili. Ukikosea, betri inavimba."

"Inavimba?"

"Kama mguu, mama."

Ukweli ni kwamba haivimbi. Ukichukua waya mdogo, gari huchaji polepole, basi. Lakini ukweli ulikuwa haujawahi kumlisha Injinia hata siku moja.

Akataja bei. Mkunga akacheka. Akataja nusu yake. Mkunga akauliza kama hiyo ni bei ya waya au ya gari. Walivutana mpaka wakafika robo, na Injinia akajishika kifua kama aliyechomwa kisu, huku moyoni akipiga vigelegele. Hata robo hiyo, kwa waya wa kengele, ilikuwa faida ya kuchinjia mbuzi.

"Nijaribishie kwanza," mkunga alisema.

Hilo ndilo alilolingoja. Akatoa waya wa shemeji, akachomeka ncha moja ukutani na nyingine kwenye gari. Taa ya kijani ikawaka.

"Ingia ndani, mama, uangalie asilimia zinavyopanda."

Wateja wote huingia. Mtu akishakaa ndani anatumbulia macho namba, Injinia huchomoa waya, huurudisha mfukoni, kisha humkabidhi mfuko pacha kwa mikono miwili.

"Magoti yangu hayataki, baba. Taa nimeiona." Mkunga akabonyeza ufunguo. Gari likalia *tii*, vioo vikajikunja. "Niandikie risiti. Jirani, njoo ushuhudie!"

Fundi cherehani wa nyumba ya pili akachungulia juu ya ukuta, sindano mdomoni. Injinia akaandika, akatia sahihi yenye mikia mitatu, akapokea hela zake.

"Sasa nikufungie kwenye mfuko wake, usiingie vumbi."

Akavuta. Waya haukutoka. Akavuta tena, mguu mmoja kwenye tairi. Akakimbilia ukutani, nako kumeng'ata vilevile.

"Utang'oa ukuta," mkunga alisema. "Gari likifungwa, linaushika waya wake usiibwe. Imo kwenye kijitabu. Kijitabu hukusoma, Injinia?"

"Basi fungua kidogo, mama."

"Nifungue ya nini? Waya wangu umekaa vizuri." Akavaa miwani, akamtazama vizuri. "Wifi yangu alinunua wa kwako wiki iliyopita. Alipouchana akakuta waya wa kengele. Akaniambia, akija mwenye fulana ya kung'aa, wewe funga gari tu."

Juu ya ukuta sindano ilidondoka.

Injinia akamnyooshea hela azichukue, amrudishie waya. Mkunga akasema waya sasa ni wake, akiutaka atamuuzia, na bei ni ya duka. Injinia akapiga magoti: waya wa watu, mama, ni wa shemeji, nitalala wapi? Mkunga akamwambia amwite huyo shemeji.

Shemeji alifika gari likitambaa, limebaki asilimia mbili. Akasoma risiti. Akaitambua mikia mitatu. Akamrudishia mkunga karatasi yake.

"Mama, naweza kuchajia hapa?"

"Kila jioni, mwanangu, mpaka utakapopata mwingine. Tutaelewana bei. Ingia, chai ipo."

"Na mimi?" Injinia aliuliza.

Wakaingia, mlango ukafungwa. Kupitia dirisha alimsikia shemeji akipiga simu.

"Dada, nachelewa, nachaji kwa watu. Chakula cha mumeo niwekee mimi. Na wewe leo hamia chumba cha watoto wangu, chumba cha nyuma nakipangisha. Kuna mtu katuletea bili ya umeme."