Sahihi ya Profesa

Profesa hakuwahi kufundisha popote, lakini miwani na mkoba wa ngozi vilimtosha kupewa cheo. Siku aliyoitwa kama fundi kupangusa vumbi kwenye mashine za ofisi ya uchapaji, aliiona kompyuta mpya yenye mfumo wa Linux, akaitamani papo hapo. Mwenye ofisi, mama mmoja mkono wa birika, alipogeuka kumhudumia mteja, Profesa akairudisha saa ya mashine miaka miwili nyuma. Akaaga kwa adabu zote.

Kesho yake akaitwa tena. Kila mama alipojaribu kusasisha programu, mashine iligoma: sahihi si halali.

"Pole, shangazi," alisema Profesa, akivua miwani kwa huzuni. "Kila programu huja na sahihi ya aliyeitengeneza. Mashine yako haizitambui tena. Hii ni maiti."

"Maiti ya miezi mitatu?"

"Nyingine hufa changa. Ila mimi sina roho mbaya. Nipe nikaizike, wewe chukua yangu." Akatoa mkobani laptopu yake, ile iliyokuwa ikimlisha mjini, akaisasisha mbele ya mama na mteja aliyesubiri nakala. Ikakubali bila kinyongo.

Mama alipenda cha bure, macho yakamng'aa. "Tuandikiane," akasema, akachapa makubaliano kwa hiyo hiyo maiti.

Kwa miaka ishirini alikuwa amechapa mikataba ya watu, na kila mara alianza kwa kukagua tarehe. Mashine ilikuwa imejiandikia mwaka juzi. Mama akasahihisha tarehe ya mkataba, akaongeza mstari mmoja.

Profesa hakusoma. Mtu wa hadhi yake husomewa. Akatia sahihi yenye mikia mitatu, mteja akashuhudia.

"Haya, nifungashie."

"Ngoja, mwanangu." Mama akaileta saa ya mashine hadi leo. "Mashine ilidhani tuko mwaka juzi. Ingeaminije sahihi ambazo kwake zilikuwa bado hazijaandikwa?" Akasasisha. Ikapita yote.

Kisha akasoma ule mstari: "Mashine yoyote iliyosasishwa au itakayosasishwa leo mbele ya shahidi ni mali ya ofisi."

"Shangazi! Laptopu yangu je?"

"Si umeisasisha mwenyewe? Nasi tumeona."

Profesa akamtazama mteja. Mteja akaitikia kwa kichwa.

Mama alikuwa mchoyo, si mwizi. Akauokota mkoba mtupu, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Huu haujasasishwa," akasema. "Ni wako."