Vifuko vya Chai na Baba Mkwe

Jumatano, 7 Mei 1958
Neno limefika kutoka Kuresoi. Baba mkwe, mzee Jonah, anakuja hapa Nakuru Jumapili pamoja na mke wangu Chelagat, aliyenikimbia akarudi kwao. Akikuta nyumba ya mtu mwenye akili, atamwacha hapa kwangu. Akiona kifuko hata kimoja, anarudi naye.

Ni vifuko vya chai. Hotelini ninapopika, wageni siku hizi wanaletewa majani ndani ya vifuko vidogo vyenye uzi. Wanachovya mara moja, wanatupa. Mimi naokota. Vikavu vinaondoa harufu ya viatu. Vibichi vinang'arisha kioo na kutuliza macho. Chelagat alivumilia mpaka nilipochovya kitambaa chake cheupe cha kanisani. Nilitaka rangi ya dhahabu. Ikatoka ya tope la barabara ya kule Bahati.

Leo nimetupa vyote, gunia zima. Jirani yangu Nicodemus aliuliza kama nahama. Nikamwambia nimebadilika. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Alhamisi, 8 Mei
Shida. Mzee lazima anywe mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, na kibuyu cha maziwa kinanuka tangu Chelagat aondoke. Nyumbani kingesuguliwa kwa mkaa wa senetwet. Hapa mjini mti huo nitautoa wapi? Kumwuliza Nicodemus, afadhali nife. Nikakumbuka viatu. Kifuko kimoja tu, kikavu, kilichosalia mfukoni mwa koti, kilale ndani, asubuhi nakitoa. Hicho si kifuko. Ni dawa.

Ijumaa, 9 Mei
Harufu imekwisha! Nimechemsha maziwa, yakapoa, nikamimina, nikafunga. Kuna kitu nilipaswa kufanya kwanza. Kimenitoka. Kama ni cha maana kitarudi.

Jumapili, 11 Mei
Kimerudi.

Mzee alikagua chini ya kitanda, nyuma ya mlango, hata ndani ya sufuria. Hakuna kifuko. Akasema kumbe mtu hubadilika. Chelagat akanitazama kama zamani, akaweka kikapu chake chini. Nilifurahi, nikakimbilia vikombe.

Nikatikisa kibuyu, nikamimina. Maziwa yakakwama. Nikakipiga kibuyu tako. Kitu kikadondoka ndani ya kikombe cha mzee. Kidogo, cha kahawia, chenye mkia.

Mzee aliruka akisema nimemnywesha panya. Niliapa si panya. Chelagat akaushika ule mkia, akakiinua juu, akasema panya huyu anamjua sana. Kisha akachukua kikapu. Wamekwenda kulala kwa shangazi yake hapa mjini.

Jumatatu, 12 Mei
Nimelia tangu jana. Naandika ukweli, hakuna anayesoma. Mkubwa wa jikoni amenirudisha nyumbani mapema, eti machozi yanaingia kwenye chai ya watu. Sikurudi mikono mitupu.

Nililala chali, kifuko juu ya kila jicho.

Jioni Nicodemus akabisha hodi. Safari hii hakucheka. Alisema Chelagat alikuja saa kumi, peke yake, na kikapu chake. Alichungulia dirishani, akaniangalia kwa muda mrefu, akageuka akaenda kupanda basi la Kuresoi. Nikamwuliza kwa nini yeye mwenyewe hakuniita. Akasema alidhani nimemwona Chelagat.

Nimekaa kitandani. Nyumba imekuwa kubwa mno.

Lakini uvimbe wa macho umeisha kabisa. Vifuko nimevianika dirishani. Bado vina nguvu.