Goti la Chepkemoi

Jumatatu, 3 Machi 1958
Sista Wamaitha wa wadi ya watoto amenitia kazi. Mguu wa Chepkemoi, binti yangu aliyemwagikiwa na uji wa moto, unapona. Jumamosi anaweza kurudi nyumbani, ila lazima kwanza mtu mmoja wa nyumbani ajifunze kuosha kidonda, kufunga bandeji na kunyoosha goti. Eti lisiponyooshwa kila siku ngozi itakauka imejikunja, na mtoto atachechemea maisha yake yote.

Mke wangu Jerop amejifungua juzi, hatoki nje. Basi ni mimi! Mimi Micah, kinyozi anayejulikana mtaa mzima wa Bondeni, nioshe vidonda!

Nilikuwa natafuta kisingizio shemeji akatokea. Kipsang, kaka yake Jerop, ametoka Mau Narok bila kualikwa. Amemwambia Sista kwamba mimi nikishindwa, yeye atajifunza, amchukue mtoto akalelewe na nyanya yake huko. Mtoto wangu! Thubutu! Nimesema nitajifunza.

Jumanne, 4 Machi
Bandeji. Ya Kipsang imekaa vizuri, Sista akamsifu mpaka nikaona aibu. Yangu imedondoka kabla Chepkemoi hajafika mlangoni.

Jioni nimefanya mazoezi kwa mteja aliyekuja kunyolewa. Nilimfunga goti huku namnyoa. Aliposimama alianguka na kiti changu. Amesema hanyolewi tena kwangu. Hana shukrani, nywele zilikuwa sawa kabisa.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata akili! Sista alitugawia bandeji tukazichemshe nyumbani, tuzianike, tuzilete safi. Kipsang akachemsha tu, kama mtu asiye na mawazo. Mimi nikajiuliza: kibuyu cha maziwa tunakisugua kwa nini? Kwa mkaa wa mti wa senetwet. Na maziwa yanakaa miezi bila kuharibika. Sasa kidonda kitaharibikaje?

Nikazisugua zote. Zikawa nyeusi tititi na kunukia vizuri sana.

Sista amezishika kwa ncha za vidole. Ameniuliza kama mtoto wangu ni kibuyu. Wadi nzima imecheka, hata mzee anayefagia. Shemeji amecheka kuliko wote, na yeye amekunywa maziwa ya kibuyu tangu azaliwe! Mnafiki.

Alhamisi, 6 Machi
Goti. Hapa hakuna mchezo. Ukilinyoosha kidogo tu, Chepkemoi anapiga kelele. Nimeliachia mara moja. Sista amesema kuachia si huruma, na kesho atatupa mtihani sote wawili. Kipsang amelinyoosha lote huku akimwimbia.

Nimeona nitanyang'anywa mtoto hivi hivi. Nimerudi mchana na kipande cha sukari guru. Nimemwambia Chepkemoi: kesho kwenye mtihani mjomba akikugusa, lia mpaka wasikie huko stesheni. Baba akikugusa, cheka. Ameshika sukari na kukubali. Mtoto mwerevu, amenifuata mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Kipsang amemgusa, Chepkemoi kimya. Sista akamsifu kwa kuwa jasiri. Naye akajibu kwa sauti kwamba baba alimwambia alie, lakini sukari imeisha.

Nilitamani ardhi inimeze. Sista hakucheka. Ameniambia nishike goti, sasa hivi, mbele ya wote. Chepkemoi akaniangalia, akaniambia, baba nyoosha tu, nitavumilia. Nikanyoosha. Akalia. Nikalia mimi pia, sioni haya kuandika. Goti likanyooka lote!

Sista amesema nimefaulu. Ninyooshe kila asubuhi, alie asilie. Ijumaa ijayo tumrudishe, yeye aliangalie goti. Kipsang amenipa mkono, amepanda lori la kurudi Mau Narok. Nimemshinda!

Jumapili, 9 Machi
Chepkemoi yuko nyumbani. Majirani wamejaa, nimewaeleza yote kuhusu kutunza majeraha ya moto. Wameniita daktari. Goti la leo nimeliacha, siwezi kumliza mtoto mbele ya wageni.

Jumanne, 11 Machi
Kichanga kimekesha kikilia. Nikimliza na Chepkemoi, Jerop atalala saa ngapi? Ameniuliza kama nimenyoosha goti. Nimemwambia nilinyoosha alipokuwa amesinzia. Mgonjwa lazima apumzike pia.

Alhamisi, 13 Machi
Chepkemoi anatembea kwa ncha za vidole. Goti limekataa kunyooka, na kesho ni kwa Sista! Yule mwanamke ana macho ya mwewe. Na Kipsang akisikia, atakuja na lori kumchukua.

Lakini Micah hakosi njia. Nimekimbia kwa fundi cherehani, nimeagiza gauni refu, lifike mpaka kwenye vidole vya miguu. La bluu, na jioni likawa tayari. Nani atajua kilichomo ndani?

Chepkemoi amelijaribu, amefurahi mno. Kisha amekaa kitandani, amenyoosha mguu mbele yangu, akauliza kama leo tunafanya. Amefumba macho kabisa, tayari kuvumilia.

Nimemwambia hakuna haja, mama. Gauni limetosha.