Nywila Yenye Muhuri

Jumatatu, 4 Machi
Bosi anatafuta mkuu wa kompyuta. Miaka kumi na mmoja nimekuwa karani wa kampuni hii ya vifaa vya bafu. Nani mwingine? Kumbe kaletwa binti, fundi wa kompyuta! Nimempa jina: Miwani. Hata chai hajamaliza, keshatangaza kwamba akaunti ya msimamizi, ile inayofungua kila kitu, bado ina nywila iliyotoka nayo kiwandani: moja mbili tatu nne. Eti yeyote anaweza kuingia. Mbona hajaingia? Nikamwambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bosi hakucheka.

Jumanne, 5 Machi
Bosi kaamuru nywila zibadilishwe. Atakayefanya vizuri ndiye mkuu. Miwani akaomba siku tatu, kila mashine ipate nywila yake. Siku tatu! Nikaomba nusu siku, nikapewa. Mashine kumi na nne, nywila moja. Ndefu, ina namba, ina alama ya mshangao. Safi kabisa.

Jumatano, 6 Machi
Hapa kwetu amri si amri mpaka ichapwe, ipigwe muhuri, ibandikwe ubaoni mapokezi. Nimebandika: nywila mpya ni hii, ni siri, atakayeivujisha atachukuliwa hatua. Wateja wamesoma. Mmoja kapiga picha. Miwani kashika kichwa. Wivu! Nyumbani mke wangu akauliza siri gani inabandikwa ukutani. Mtu asiyejua kazi za ofisi utamweleza nini?

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Mtu kaingia kwenye kompyuta, kavuruga oda zote, na malori yameshaondoka. Aliyeagiza sinki moja kapata tisini. Mama mkwe wa bosi, aliyeagiza kioo tu, kashushiwa vyoo arobaini mbele ya wageni wake. Bosi kajifungia. Nikabisha hodi kumkumbusha kwamba tangazo langu lilikataza waziwazi. Akasema nimshukuru Mungu kwamba mlango umefungwa.

Ijumaa, 8 Machi
Miwani ndiye mkuu. Mimi nimetupwa stoo, kwenye mabomba. Nimeumia, sifichi. Miaka kumi na mmoja! Na bado kanifuata huko, kaninong'oneza nywila ya kompyuta ya stoo, eti niiweke kichwani. Kichwani! Ofisi gani inaendeshwa bila maandishi? Nimechapa nakala tatu, zote na muhuri. Moja nimempa mlinzi wa getini. Nimemsomesha kwa sauti mpaka kaikariri, asije akasema hakujua kuwa ni siri.